Alasiri Isiyo na Ratiba

 

Leo nazungumza zaidi na wewe ambaye kesho au keshokutwa utapanda basi, treni au boti kwenda mji usio wako, na ukiwa huko utajikuta na saa kadhaa ambazo hakuna anayekudai. Wengi wetu husafiri hivyo. Tunakwenda semina Dodoma, harusini Moshi, msibani Tabora. Tunafuata mzigo Kariakoo, tunampeleka mgonjwa Muhimbili, tunamsindikiza mtoto chuoni Mbeya. Wachache sana hufunga mizigo kwa ajili ya matembezi tu. Shughuli ndiyo inayotutoa nyumbani, na shughuli ikimalizika mapema, au ikisogezwa hadi kesho yake, tunabaki na alasiri nzima na hatujui tuifanyie nini.

Saa za namna hii zimeongezeka. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa nne hivi. Mtu anaondoka alfajiri, anafika, anamaliza habari zake ofisini mchana, na treni yake ya kurudi ni ya jioni. Hapo katikati pana muda ambao zamani haukuwapo.

Sasa tazama unavyotumika. Semina imefungwa saa tisa, posho imesainiwa, usafiri ni kesho asubuhi. Mtu anarudi gesti, anawasha televisheni, anatazama taarifa ileile ya habari ambayo angeitazama kwake, anaagiza chipsi kuku, analala. Akifika nyumbani anaulizwa Dodoma pakoje, anajibu pana joto na upepo. Amekaa huko wiki nzima. Wala simlaumu kwa kupumzika. Nitakuja kutetea kupumzika baadaye, maana kuna wanaohitaji kupumzika kuliko kitu kingine chochote. Kinachonisikitisha ni kwamba hakuchagua. Alasiri ilimpita kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni yake.

Yuko pia mwenzake mwenye tabu ya upande wa pili. Huyu amekusanya orodha simuni: sehemu kumi za kufika ukiwa mji fulani. Anakimbia na bodaboda kutoka ya kwanza hadi ya kumi, kila mahali picha mbili tatu, jasho linamtoka, na usiku miguu inamuuma. Orodha ile iliandikwa na mtu asiyemjua, anayependa vitu ambavyo huenda yeye havipendi hata kidogo.

Ninaloamini, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo, ni kwamba kila mmoja wetu ana namna yake ya kukaa na muda wa bure ugenini. Namna hiyo inaweza kutafutwa ikajulikana. Na ukishaijua, hata saa mbili za kusubiri basi Singida zitakutosha, na hutahitaji pesa nyingi.

Twende Unguja kwa muda, kwa sababu Mji Mkongwe ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Eneo lenyewe ni dogo, unaweza kulivuka kwa miguu, na boti ikifunga bandarini watu wote huingia mitaa ileile myembamba. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo habari zake zimeandikwa sana, na kila mgeni hufika akiwa ameshaambiwa apende nini.

Chukua mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Amepata asubuhi moja huru. Waandalizi wanamwambia aende ufukweni Nungwi, kila mgeni huenda. Lakini mama huyu, ukimfuata kwake bara, ndiye yule anayefika sokoni kabla wauzaji hawajatandika, anayejua pweza mbichi kwa kumgusa, anayebishana juu ya iliki kwa robo saa nzima. Mwache aende Darajani. Soko lile limekuwapo tangu mwaka 1904. Atasikiliza mnada wa samaki, atanusa karafuu na mdalasini, atauliza kwa nini changu wa pale ananadiwa kwa mafungu na si kwa kilo, atafundishwa na mtu baki jinsi ya kukoleza mchuzi wa papa. Saa tatu zitakwisha hajazihisi. Ukimpeleka Nungwi atakaa kivulini na mkoba wake mapajani, akingojea muda wa kurudi.

Mwingine ni mwalimu wa historia. Huyu atakwenda Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa pana shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Watalii wengi husimama hapo dakika tano na mwongozaji wao, kisha wanaitwa. Mwalimu atasimama nusu saa, kwa sababu amekuwa akiwafundisha watoto habari hii kwa miaka mingi akiwa na chaki peke yake, na leo yuko mbele yake. Baadaye atateremka hadi Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na ingawa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, bado atataka kuliona lilivyo. Kwa mtu wa aina yake, jengo lililojeruhiwa lina mengi ya kusema kama lililo zima.

Wa tatu hataki kuona chochote. Anataka watu. Anafika pale wanapopaita Jaws Corner, anasalimia vizuri, anakaa pembeni kwenye baraza, ananunua kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Wazee wanacheza dhumna, vijana wanabishana siasa na mpira. Siku ya kwanza anasikiliza tu. Siku ya pili anaulizwa, "Wewe mgeni, kwenu bei ya mchele ikoje?" na hapo ameshaingia. Jioni wenzake watakwenda Forodhani kula urojo na mishikaki na kunywa juisi ya miwa, naye atakwenda nao, lakini ukimuuliza baadaye Unguja alifanya nini, atakueleza habari za kijiweni.

Hawa watatu walishuka boti moja. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa kujua kusafiri. Ila kila mmoja angepewa ratiba ya mwenzake, wote wangerudi wamechoka, wakisema Unguja ni ya kawaida tu.

Jambo hili ni la zamani kuliko utalii. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier nchini Moroko, alishuka pwani yetu. Mogadishu alikula, na akaeleza alichokula kwa uangalifu wa mtu aliyefurahi: wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa ndani ya maziwa, ndimu za kuloweka, tangawizi mbichi, maembe. Kisha akaja Mombasa, akalala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Usiku mmoja! Na alichokiona katika muda huo mfupi ni visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, kata ya mti ya kuchotea maji, na jinsi watu walivyoosha miguu kabla ya kuingia. Ibn Battuta alikuwa mwanasheria wa dini, alikuwa mtu wa ibada na mtu wa meza ya chakula, na hayo ndiyo aliyoyaona. Nahodha aliyekuja naye pengine aliangalia kina cha maji na upepo, mfanyabiashara akaangalia bei. Sisi leo tunajua habari ya visima vya Mombasa kwa sababu mtu mmoja aliyafuata macho yake mwenyewe.

Basi utajijuaje? Mimi ningeanza nyumbani, kabla ya safari. Fikiria Jumamosi ambayo hakuna aliyekupigia simu, hakuna kikao wala mgonjwa, hata nguo zimeshafuliwa. Mikono yako inakwenda wapi yenyewe? Namfahamu mama mmoja ambaye siku kama hiyo utamkuta amechuchumaa kwenye maua yake. Kwa miaka mingi alikuwa akisafiri kikazi na kulala gesti akihesabu siku. Kisha akaanza, kila mji anaofika, kutafuta wale vijana wanaouza miche kando ya barabara. Anauliza majina, anauliza mti huu unavumilia kiangazi, anauliza mbolea gani. Arusha alifika soko la Tengeru siku ya gulio. Lushoto alipanda milima kutazama bustani za mboga. Unguja, wenzake walipokwenda baharini, yeye alikwenda Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, akarudi na kikonyo cha vanila amekifunga ndani ya leso. Sasa akipangiwa safari anauliza kwanza mvua za huko zinanyesha lini. Mji wowote una udongo, kwa hiyo hakuna mji unaomshinda.

Ukishafika safarini, angalia ulipochelewa. Ulipokuwa umesema utakaa dakika kumi ukakaa saa nzima, hapo pana habari yako. Sikiliza pia unachosimulia ukirudi. Ukiona wiki mbili baadaye bado unamweleza jirani jinsi mafundi wa Matondoni kule Lamu wanavyounda jahazi, mbao inavyopindwa na mshono unavyozibwa kwa pamba na nyundo, basi wewe ni mtu wa kutazama kazi za mikono, na safari ijayo utafute karakana, usitafute hoteli yenye bwawa. Na angalia vilevile kinachokuchosha hata kama dunia nzima inakisifu. Si lazima uingie baharini kwa sababu uko pwani. Si lazima usimame Ngorongoro ukitetemeka kwa baridi ya asubuhi kama wanyama hawakusemeshi. Heshima ya mahali haipungui kwa wewe kutokupapenda.

Nikwambie yangu, maana si haki kukuuliza nisijitaje. Mimi ni mtu wa vivuko. Nikifika mji wenye maji, nauliza watu wanavukia wapi. Sijali ng'ambo kuna nini. Nalipa nauli ndogo Kigamboni, Dar es Salaam, au navuka bure Likoni, Mombasa, maana kule abiria wa miguu halipi kitu, na nasimama karibu na ukingo. Kivukoni kila mtu ana safari yake: mwanafunzi na begi, muuza mkate na baiskeli yake, bibi harusi na shela limefunikwa nailoni lisipate maji ya chumvi. Hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini, kwa kuwa wote mnavuka. Muda ni mfupi, una mwanzo na una mwisho, na umesimama katikati ya maisha ya mji bila kumsumbua mtu. Mombasa nikishavuka na kurudi, hutembea hadi Mama Ngina. Hapo kuna muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, kuna madafu, na meli kubwa zinaingia Kilindini karibu kabisa na ulipokaa. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, niliingia, nikaitazama, nikaridhika. Ni mahali pa kufika. Lakini nikipewa alasiri nyingine Mombasa, nitakwenda Likoni.

Mwanza nako hivyohivyo. Kivuko cha Kamanga kinatoka pale mjini, mawe makubwa yakiwa yamesimama ndani ya ziwa kama yaliyopangwa na mtu. Wapo watakaosema vivuko vinakwisha, na kweli, tangu 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, limewapa watu wa Sengerema na Geita njia ya kupita bila kungoja foleni. Nafurahi kwa ajili yao. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku hakuwa na muda wa kutazama mawimbi. Na najua pia kwamba kwa msikilizaji mwingine, yule anayependa kujua nguzo ilisimamishwaje majini, daraja lile lenyewe ndilo alasiri yake nzuri kuliko zote.

Sasa niseme juu ya wenyeji wetu, kwa sababu ushauri mwingi wa safari umeandikwa kwa watu wanaolala hotelini peke yao. Sisi tunalala kwa shangazi. Tunalala kwa kaka, kwa mama mdogo, kwa rafiki wa baba. Na mgeni akiaga kwamba anakwenda kutembea peke yake, mwenye nyumba hujiuliza kama amemkosea nini. Usitoroke. Mwendee mapema, kabla hajaanza kupika, umwambie, "Shangazi, shikamoo. Naomba ruhusa ninyooshe miguu kidogo mpaka sokoni, nitarudi kabla ya magharibi. Nikuletee nini?" Swali lile la mwisho hubadilisha kila kitu. Sasa umetumwa, na aliyetumwa hana hatia. Akikupa mtoto wa nyumba akusindikize, mchukue kwa moyo mkunjufu. Mtoto wa miaka tisa anajua mto ulipo, anajua mwembe unaoangusha, anajua nyumba ambayo fundi anatengeneza ngoma. Mara nyingi nimeonyeshwa na watoto vitu ambavyo wakubwa hawakuona haja ya kuvitaja.

Na kwa wengine, kukaa barazani na shangazi ndio mtindo wenyewe. Usidhani umepoteza alasiri kwa sababu hukutoka. Ukipenda visa vya ukoo, kaa, chambua mchele, uliza nani alimwoa nani, na kwa nini babu alihama Kilosa.

Wanawake mnanielewa nikisema kwamba mitaa haijagawanywa sawa. Kijiwe cha kahawa saa mbili usiku ni mahali pa wanaume, na dada akikaa hapo peke yake ataulizwa maswali ambayo hakuja kuyajibu. Natamani isiwe hivyo. Lakini wakati tunangojea ibadilike, nimewasikia wasafiri wanawake wakitaja kijiwe chao wenyewe, nacho kipo kila mji: saluni. Unaingia kusuka au kuosha nywele, unakaa saa mbili tatu, na unatoka ukijua soko zuri liko wapi, mtaa gani usipite jioni, mgahawa gani una ndizi nyama za kweli, na diwani yupi anasemwa. Lamu, Mombasa na Unguja kuna wapakaji wa hina na piko, na mkono ukiwa unasubiri kukauka huna pa kwenda, unabaki kusikiliza. Kuna pia duka la kanga, ambako mtu anaweza kusimama muda mrefu akisoma majina ya doti moja baada ya nyingine, na mwenye duka akamweleza lipi huvaliwa kwa furaha na lipi hununuliwa kwa ajili ya jirani. Kwa usalama, uliza mapokezi au mwenyeji mtaa unaopitika, mwachie mtu mmoja habari ya unakokwenda, na rudi mapema kama moyo umekwambia.

Wawili wakisafiri pamoja, mara nyingi mmoja humezwa. Mume anapenda kutembea hadi jua lizame, mke anataka kukaa mahali pamoja atazame watu. Au mke ana hamu ya makumbusho na mume amekwishachoka mlangoni. Wanafuatana kwa upendo, na wote wawili wananung'unika ndani kwa ndani. Achaneni saa tisa, mkutane saa moja na nusu kwenye chakula. Mezani kila mmoja atakuwa na la kumpa mwenzake. Nimeona ndoa zilizokaa miaka mingi zikipata mazungumzo mapya kwa njia hiyo.

Nilisema nitatetea kupumzika. Nilikuwa na watu fulani moyoni: wale waliosafiri na mgonjwa. Umetoka Songea au Bukoba na mzazi wako, amelazwa Muhimbili, na wewe umeambiwa utamwona asubuhi, mchana na jioni. Katikati una saa ambazo hujui uzipeleke wapi, na ukijaribu kufurahia chochote roho inakusuta. Watu wengi hukaa nje ya wodi siku nzima, juani, wamekumbatia kapu la chakula. Nakuomba usimame. Kutoka Upanga hadi baharini, Barabara ya Barack Obama, si mbali. Pana upepo, pana miti, pana mahali pa kukaa bila kulipa. Ukipenda kivuli na kimya, Bustani ya Mimea iko katikati ya jiji, na jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, ambako raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Lakini huna haja ya kuingia popote. Kaa, tazama maji, lala usingizi kidogo kama unaweza. Hujamtelekeza mgonjwa. Saa ya kuingia wodini ikifika, utamletea uso uliopumzika, na yeye atauona kabla hujasema neno.

Na yule wa semina niliyeanza naye, kama wiki yake nzima nyumbani ni kelele za watoto na foleni ya Mbezi, basi chumba kimya cha gesti Dodoma chenye mlango unaofungwa huenda ndicho alichokihitaji. Alale, ila alale kwa kuamua, simu imezimwa, pazia limevutwa, bila kujilaumu. Kama ni mtu wa mambo mengine, Dodoma inayo. Akipenda siasa, Bunge likiwa linaendelea na vikao hupokea wageni kwa utaratibu wake, akaone kwa macho yale anayoyasikia redioni. Akipenda watu na nyama, Jumamosi kuna mnada Msalato, ng'ombe na mbuzi upande mmoja, moshi wa nyama choma upande mwingine. Akipenda shamba, aulize msimu wa zabibu. Akiwa na siku nzima na anapenda mambo ya kale, asafiri hadi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Aondoke alfajiri, kwa sababu ni mbali, na kuna kupanda kwa miguu.

Utaona pia kwamba mtindo wako hauwi mmoja maisha yote. Kijana aliyekuwa akizunguka kumbi za muziki hadi usiku wa manane, akipata watoto huanza kutafuta mahali penye nyasi na bembea. Miguu ikizeeka, dirisha la treni linakuwa bora kuliko mlima. Abiria wa treni ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, hupita Tsavo mchana na kuona tembo wekundu kwa vumbi bila kushuka, na kuna wazee ambao hiyo ndiyo safari yao, kule wanakokwenda ni nyongeza. Jiulize upya kila baada ya miaka michache. Uliyoyapenda zamani yanaweza kuwa yamekwisha, na ukayafuata kwa mazoea tu.

Nimepata salamu kutoka kwa msikilizaji anayekwenda Iringa mwisho wa wiki hii, kikao cha ushirika, na atakuwa na alasiri ya Ijumaa. Sijui yeye ni mtu wa namna gani, kwa hiyo simpi orodha, namuuliza maswali. Unapenda historia, na habari ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, iliwahi kukugusa ukiwa shuleni? Kalenga si mbali na mji, na fuvu lake liko katika makumbusho ya hapo tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mlinzi wa makumbusho akiwa na nafasi, mwache asimulie bila kumkatisha. Unapenda mawe na ukimya? Isimila iko njia ya kwenda Mbeya, kilomita ishirini hivi, na utashuka bonde lenye nguzo zilizochongwa na maji, ambako zana za mawe za watu wa kale zimetapakaa chini. Unapenda kuona mji wote kwa pamoja? Panda mwamba wa Gangilonga jua likielekea kuzama, lakini nenda na mwenzako na ushuke kabla giza halijaingia. Unapenda mazungumzo? Soko la mji linauza vikapu, na mama anayesuka hapo atakufundisha mkunjo wa kwanza ukimwomba kwa adabu. Na kama umechoka, Iringa ina baridi nzuri ya kulalia. Chukua blanketi la pili mapokezi, maana usiku huwa halitoshi moja.

  Safari njema, na usiku mwema.